Matarishi wa Mwili: Habari za Mishipa ya Fahamu

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za kitu ambacho kila mtu anacho, nacho hakipumziki usiku wala mchana, lakini ni wachache waliopata kukifikiri. Kitu hicho ni mishipa ya fahamu, ambayo wenye elimu ya mwili huiita neva. Tutaeleza jinsi chembe zake zilivyo, na jinsi zinavyopelekeana habari.

Nasi hatukulichagua jambo hili kwa ajili ya kupitisha wakati tu. Yako maradhi na sumu ziuazo watu vijijini kila mwaka: pepopunda, kichaa cha mbwa, sumu ya nyoka, na sumu ya dawa za wadudu. Mambo haya yaonekana kuwa mbalimbali, walakini yote hushambulia mahali pamoja, yaani njia za habari za mwili. Mtu akiisha kuzifahamu njia hizo zilivyo, atafahamu pia kwa nini waganga wa hospitali humhimiza afanye hivi na asifanye vile. Wala hataona kuwa ni amri tupu.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu amelionja. Mtu apitaye shambani akikanyaga mwiba, mguu wake huinuka kabla hajapata kusema neno. Nani ameuinua? Si yeye kwa kusudi lake, kwa kuwa alikuwa hajajua bado. Habari ilitoka wayoni, ikapanda mguuni mpaka kwenye kamba laini ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, na huko huko uti wa mgongo ukatoa amri, mguu uinuke. Wakati huo huo habari nyingine ilikuwa ikiendelea na safari kwenda ubongoni, ili kumwarifu mwenye mwili. Basi amri ya kuuokoa mguu ilitoka kwanza, na taarifa ikafika nyuma yake. Lau mwili ungalingoja mpaka ubongo ujue, ufikiri na kuamua, mwiba ungaliingia ndani zaidi.

Matarishi hawa wana umbo gani? Mwili wote wa mtu umejengwa kwa chembe hai, ambazo vitabu huziita seli, nazo ni ndogo hata hazionekani ila kwa darubini. Chembe za fahamu ni namna moja ya chembe hizo, lakini umbo lake ni la ajabu. Kila moja ina kiwiliwili chake, nacho kina matawi mengi mafupi kama matawi ya mti. Hayo ndiyo masikio yake, ya kupokelea habari. Tena ina uzi mmoja mrefu utokao katika kiwiliwili. Huo ndio mkono wake, wa kupelekea habari. Nyuzi nyingine ni fupi kuliko upana wa punje ya mchele. Nyingine ni ndefu mno: uzi uamrishao misuli ya mguu hutoka katika uti wa mgongo mpaka mguuni, nao kwa mtu mzima waweza kupata mita 1, ijapokuwa unene wake ni mwembamba kuliko unywele. Mshipa wa fahamu tuuonao kwa macho, kama ule mweupe tuuonao katika paja la mbuzi aliyechinjwa, si uzi mmoja. Ni mganda wa maelfu ya nyuzi zilizofungwa pamoja kama kamba.

Katika ubongo wa mtu mmoja chembe hizi hukadiriwa kuwa karibu milioni elfu 86. Na kila moja yaweza kupokea habari kutoka kwa chembe nyingine elfu kadhaa.

Liko jambo jingine tunalotaka mlishike, kwa sababu tutalirudia. Uzi mrefu huu hauwezi kujilisha wenyewe. Chakula chake na vifaa vyake hutengenezwa katika kiwiliwili cha chembe, kisha huchukuliwa na wapagazi wadogo wapitao ndani ya uzi mpaka mwisho wake. Na wapagazi wengine hurudi, wakichukua vitu vya huko mwisho kuvileta kwenye kiwiliwili. Wapagazi walio wepesi kabisa huenda karibu sentimita 40 kwa siku. Mwendo huo ni wa polepole sana ukilinganishwa na mwendo wa habari zenyewe. Lakini njia hiyo ya wapagazi, kama mtakavyoona, hutumiwa pia na adui.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Ni kitu gani hasa kipitacho ndani ya uzi? Zamani watu wa Ulaya walidhani ya kwamba ni pumzi au maji mepesi yapitayo katika mishipa kama katika mwanzi. Mwaka 1791 bwana mmoja wa mji wa Bologna katika Italia, Luigi Galvani, alitoa kitabu akaonyesha ya kuwa miguu ya chura aliyekwisha kufa hurukaruka ikiguswa kwa umeme. Ndipo watu walipoanza kufikiri kwamba habari za mwili zina ujamaa na umeme. Wengi walidhani kuwa mwendo wake ni mkubwa hata haupimiki. Lakini mwaka 1850 Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, aliupima katika mshipa wa chura, akaona ni kadiri ya mita 30 hivi kwa sekunde. Ni mbio kubwa, lakini si mbio za umeme wa simu ya waya, hata kidogo. Basi kumbe mshipa si waya mtupu.

Siri yake ni chumvi. Kila chembe ya mwili imezungukwa na maji ya chumvi, na ndiyo sababu damu na jasho vina ladha ya chumvi. Ndani ya chumvi hiyo mna kitu kiitwacho sodiamu. Ndani ya chembe ya fahamu sodiamu ni chache, lakini kuna wingi wa kitu kingine, potasiamu. Ngozi nyembamba ya chembe ina pampu zifanyazo kazi daima, zikitoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Tena ina malango madogo yawezayo kufunguka na kufungika. Vitu hivi viwili vimechukua umeme, na kwa hiyo pande mbili za ngozi haziko sawa: chembe iliyotulia ina nguvu kidogo ya umeme, kadiri ya sehemu moja ya ishirini ya nguvu ya betri moja ya kurunzi. Ni kama upinde uliovutwa, ungojao kuachiwa.

Chembe ikishtuliwa vya kutosha, malango ya sodiamu hufunguka mahali hapo, na sodiamu huingia kwa kishindo. Kuingia kwake hushtua malango ya jirani, nayo hufunguka. Na hayo hushtua yanayofuata. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi. Mfano wake ni moto wa nyika. Mtu huwasha mahali pamoja, na jani liwakalo huliwasha jani la jirani, moto ukaenda mbele wenyewe, wala haurudi nyuma kwa sababu nyuma kumekwisha kuungua. Lakini nyika hii ya mwili ina sifa ambayo nyika ya kwetu haina: mara tu moto ukipita, potasiamu hutoka nje, malango hufungika, na baada ya kitambo cha sehemu chache za elfu za sekunde majani yamekwisha kuota tena, tayari kwa moto mwingine.

Mfano huu wa moto watufundisha jambo jingine. Ukiwasha nyika kwa kijiti kimoja cha kiberiti au kwa mwenge mkubwa, moto utakaokwenda ni ule ule. Kadhalika habari ya mshipa: haiwi kubwa wala ndogo, ama hupita yote, ama haipiti kabisa. Je, twajuaje basi ya kuwa kitu hiki ni cha moto kidogo na kile ni cha moto sana? Twajua kwa hesabu. Kikiwa kidogo, mawimbi machache hupita kila sekunde. Kikiwa kikubwa, hupita mengi, pengine mamia. Ni kama ngoma ya mgambo: sauti ya ngoma ni moja, lakini mpigo wa pole na mpigo wa haraka una maana mbalimbali.

Watu wa pwani watapenda kusikia ya kuwa jambo hili lilifahamika kwa msaada wa ngisi. Ngisi ana uzi mmoja wa fahamu ulio mnene kupita kiasi, nao waweza kupata karibu milimita 1, hata mtu aweza kutia ndani yake kijiwaya chembamba cha kupimia umeme. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliufanyia kazi uzi huo, na mwaka 1952 wakaeleza kwa hesabu jinsi malango yanavyofunguka na kufungika. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sisi hatuna nyuzi nene kama ngisi, lakini tumepewa njia nyingine ya kuongeza mbio. Nyuzi zetu nyingi zimevikwa ala ya mafuta yenye mapengo mapengo, na habari huruka kutoka pengo moja mpaka pengo jingine, kama mtu avukaye kijito kwa kurukia mawe. Nyuzi zenye ala nene hupeleka habari hata mita 120 kwa sekunde; nyuzi zisizo na ala hupeleka mita 1 hivi tu. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili bila chombo chochote. Mtu akijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, kwanza hujua ya kuwa amejikwaa. Kisha, baada ya kitambo kidogo, ndipo maumivu ya kuchoma yajapo. Matarishi wawili waliondoka pamoja, mmoja mwenye mbio, na mwingine atembeaye kwa miguu.

Sasa habari imefika mwisho wa uzi. Je, uzi umeunganika na chembe inayofuata? Jambo hili liliwagombanisha wataalamu wakubwa. Camillo Golgi wa Italia mwaka 1873 alivumbua dawa ya kutia rangi chembe za fahamu hata zikaonekana wazi chini ya darubini, naye alidhani kuwa zote zimeungana kama wavu mmoja. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania akatumia dawa ile ile ya Golgi, akasema, la, kila chembe ni peke yake. Zinakaribiana, lakini haziungani. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, hali bado hawajapatana. Siku hizi, kwa darubini zenye nguvu zaidi, twajua kwamba Cajal alisema kweli. Mahali pengi kati ya mwisho wa uzi mmoja na chembe inayofuata kuna pengo, liitwalo sinapsi. Ni jembamba sana: mapengo elfu kadhaa yakiwekwa sambamba ndipo yatakapojaza upana wa unywele mmoja. Walakini ni mto usio na daraja, na moto wa nyika hauvuki mto.

Basi habari huvukaje? Aliyetoa ushuhuda ulio wazi ni Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Graz, nchi ya Austria. Mwenyewe alisimulia ya kuwa aliamka usiku, akaandika wazo alilolipata usingizini, na asubuhi akashindwa kuyasoma maandiko yake. Usiku wa pili wazo likamrudia, naye hakungoja tena. Akaondoka saa ile ile kwenda mahali pake pa kazi. Hayo yalikuwa mwaka 1921 au karibu yake. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Akaushtua mshipa wa moyo wa kwanza, ule mshipa upunguzao mapigo, na moyo ukapiga polepole. Kisha akayachukua yale maji yaliyouzunguka moyo huo, akayamiminia moyo wa pili, ambao hakuushtua kabisa. Nao pia ukaanza kupiga polepole. Maana yake mshipa ulikuwa umetoa kitu ndani ya maji, na kitu hicho ndicho kilichokuwa habari. Baadaye kilitambulikana kuwa ni dawa iitwayo asetilikolini. Loewi na mwenzake Mwingereza, Henry Dale, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Basi mambo huwa hivi. Mwisho wa uzi mna vifuko vidogo vilivyojaa dawa hiyo. Wimbi la umeme likifika, vifuko hupasukia pengoni, na dawa huvuka kama mtumbwi upelekao barua ng'ambo. Upande wa pili kuna kufuli nyingi, na dawa ni ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, malango hufunguka, sodiamu huingia, na moto mpya huwaka. Haya yote huchukua kadiri ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mishipa yetu ikitoa asetilikolini kwenye msuli wa mkono au mguu, msuli hukaza. Ziko dawa nyingine nyingi za habari katika ubongo na uti wa mgongo, kila moja na kufuli zake.

Lakini hapa twawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndicho kiini cha mazungumzo yetu. Kupeleka habari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuinyamazisha. Ufunguo ukikaa kufulini siku zote, msuli utakazana mpaka uchoke kabisa. Kwa hiyo pengoni mna mfagiaji, kimeng'enya kimoja ambacho huikata asetilikolini mara tu inapokwisha kutoa habari yake. Tena si habari zote zisemazo, "Fanya." Chembe nyingine hutoa dawa isemayo, "Tulia." Ukikunja mkono, msuli wa mbele huambiwa uvute, na msuli wa nyuma huambiwa uache, isipokuwa hivyo misuli miwili ingevutana, na mkono usiende popote. Na kila chembe ya ubongo hukaa kama mzee wa baraza: husikiliza maelfu ya sauti, hizi zikisema "Fanya" na hizi zikisema "Tulia," kisha hupima upande ulio mzito ndipo itoe neno lake.

Basi tuwatazame adui, kila mmoja na mahali anapoiharibu njia hiyo.

Wa kwanza ni pepopunda. Jina lenyewe lina pepo ndani yake, lakini ugonjwa huu hauna pepo. Una kijidudu, ambacho mbegu zake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia kwa jeraha, hasa jeraha la kuchomwa lililo refu ndani, lisilopata hewa. Humo hutengeneza sumu. Sumu hiyo hushika njia ile ile ya wapagazi tuliyoitaja, ikarudi nao ndani ya uzi mpaka uti wa mgongo, na huko huzizuia chembe zile za kusema, "Tulia." Sasa hakuna wa kunyamazisha. Misuli ya mbele na ya nyuma hukaza pamoja; taya hufungana, mgongo hupindika kama upinde, na kelele ndogo au mwanga huleta mshtuko mpya. Mgonjwa akili yake ni nzima, naye hujua yote.

Mtoto mchanga huupata ugonjwa huu kwa kitovu, kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa mavi ya ng'ombe, udongo au dawa nyingine isiyo safi. Siku mbili za kwanza hunyonya vizuri. Kisha, tangu siku ya tatu na kuendelea, hushindwa kunyonya, mwili wake ukakakamaa. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya mshipa, hakuna dawa ya kuitoa humo. Waganga waweza tu kuizuia ile iliyo bado nje, na kumsaidia mgonjwa mpaka mishipa ijirekebishe. Ndiyo sababu twasema, chanjo ni kabla. Mama mwenye mimba akichanjwa, kinga yake humpitia mtoto tumboni. Wembe uwe safi na mpya, na kitovu kisipakwe kitu ila kile alichoagiza mkunga wa hospitali. Tena aliyepona pepopunda asidhani kwamba amekwisha kukingika: sumu iuayo ni kidogo mno hata mwili haujifunzi kuitambua. Na achanjwe kama wengine.

Wa pili ni sumu ya nyoka. Fira wa namna kadhaa na koboko wana sumu iingiayo katika zile kufuli za msuli, ikaziba tundu la ufunguo. Mshipa hupeleka habari, dawa huvuka, lakini haipati pa kuingia. Kope za mgonjwa hulegea, ulimi huwa mzito, na mwisho misuli ya kupumua hukaa kimya. Kumchanja mgonjwa kwa wembe, kumfyonza jeraha na kumkaza kamba hakuondoi sumu, bali humwongezea madhara. Na atulizwe, asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe upesi hospitali.

Wa tatu hukaa ndani ya nyumba zetu, naye twamnunua kwa fedha zetu wenyewe. Dawa nyingi za kuulia wadudu wa pamba, kahawa na mboga ni za jamii iitwayo oganofosfeti. Humwua mdudu kwa kumfunga yule mfagiaji wa pengoni, na ufunguo ukabaki kufulini. Lakini mfagiaji wa mdudu na mfagiaji wa mtu wamefanana. Mtu aliyevuta hewa yenye dawa hiyo, au iliyemwagikia ngozini, hutokwa na machozi, mate na jasho. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano. Misuli hutetemeka, kisha hulegea. Na kupumua huwa shida. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, atolewe kwenye hewa safi, na apelekwe hospitali pamoja na kopo la dawa, ili waganga wasome jina lake. Maana wanayo dawa ya kumsaidia, kama akifika mapema. Nao wamsaidiao wajihadhari isiwapate wao pia. Na kwa kujikinga, tusiichanganye kwa mkono mtupu, tusinyunyize tukielekea upepo, tusiiweke karibu na nafaka, wala kopo lake lisiwe la kutekea maji hata likioshwa mara kumi.

Wa nne ni kichaa cha mbwa. Huyu haizuii habari hapo mwanzo, huitumia njia. Virusi vyake, vilivyo katika mate ya mbwa mgonjwa, huingia kwa jeraha, vikapata mwisho wa uzi wa fahamu, vikachukuliwa polepole na wapagazi mpaka ubongoni. Kwa kuwa safari ni ya polepole, mtu hukaa majuma, mara nyingi mwezi 1 hadi 3, akiwa mzima kabisa. Naye hudhani kuwa amesalimika. Dalili zikiisha kutokea, kama vile kuogopa maji, karibu hakuna aponaye. Lakini huo upole wa safari ndio bahati yetu. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, na mtoto akapona. Chanjo ilimkuta adui angali njiani. Hata leo shauri ni lile lile: jeraha lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, ndipo mtu aende hospitali siku ile ile kupata chanjo, nayo aimalize yote. Aliyeumwa usoni au kichwani afanye haraka zaidi, kwa kuwa njia ya ubongoni ni fupi. Na mbwa wetu wachanjwe kila mwaka, maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wasikilizaji wetu, ndani ya kila mmoja wenu hivi sasa, mnaposikiliza maneno haya au kuyasoma, mawimbi ya umeme yanapita katika nyuzi, mitumbwi inavuka mapengo, wafagiaji wanafagia, na sauti za "Fanya" na "Tulia" zinapimwa. Hatuwezi kuiamrisha kazi hiyo, nayo haituhitaji tuiamrishe. Sehemu yetu ni kulinda milango: wembe safi, chanjo ya mama, kopo la sumu lililotengwa, sabuni juu ya jeraha, na mbwa aliyechanjwa. Mambo haya ni madogo, na kila kijiji chaweza kuyafanya.

Tumekoma hapa kwa leo. Walio na watoto shuleni wawaulize habari za moto wa nyika na mto usio na daraja, wasikie kama wameshika. Kwa herini.